Kamba ya Kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri, hunena wahenga, na methali hii imegeuzwa kuwa fimbo ya kukichapia Kiswahili kwa miaka mingi. Kila anapozuka mtu wa kutaka kuidunisha lugha hii huanza kwa kuhesabu maneno yake yenye asili ya Kiarabu, akaongeza ya Kireno, ya Kihindi na ya Kiajemi, kisha akatoa hukumu kwamba lugha iliyovaa nguo za watu haina mwili wake. Wapo na wengine, wapenzi wa Kiswahili hao, ambao hukumu hii imewaingia hadi ndani, wakaona dawa ni kuyang'oa maneno hayo moja moja ili lugha ibaki safi. Makundi haya mawili hugombana kila siku, ilhali yamekubaliana juu ya jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba kuazima neno ni aibu. Kosa lao liko hapo hapo.

Ubishi huu hupata jibu lake mbali kabisa na pwani, katika mazizi ya ng'ombe ya Texas, California na Nevada. Hakuna mtu anayedhaniwa kuwa mwana halisi wa Kiingereza cha Marekani kumpita kauboi. Waliokuwa vijana wa Unguja na Mombasa katika miaka ya 1960 na 1970 walimjua kwa sinema: kofia pana, farasi, maneno machache, na kamba inayozunguka hewani juu ya kichwa chake. Katika picha hizo yeye ndiye mwenye nchi, na Mmeksiko aghalabu ni mwizi, mlevi au mtu wa kuchekesha. Sasa na ataje kauboi huyo, kwa Kiingereza chake hicho hicho, majina ya vitu alivyovishika mkononi.

Kamba anayoitupa huitwa "lariat". Neno hili ni la Kihispania, "la reata", na sikio la msema Kiingereza halikutambua kwamba ile "la" ya mwanzo ni kitu cha pembeni, mfano wa "al" ya Kiarabu, likaimeza pamoja na neno lenyewe. Kiswahili kilifanya hivyo hivyo kiliposema alfajiri na alasiri, na wapo waliokicheka kwa hilo. Hakuna aliyepata kumcheka kauboi. Kitanzi chake ni "lasso", yaani "lazo". Vazi la ngozi linalomkinga miguu na miiba ni "chaps", kifupi cha "chaparreras". Mshipi unaokaza tandiko tumboni mwa farasi, "cinch", ni "cincha"; mjeledi mfupi, "quirt", ni "cuarta"; farasi mkali asiyefunzwa, "bronco", amepewa sifa ya Kihispania ya kitu kigumu kisicholainishwa; na farasi wa mwituni, "mustang", ni "mesteño", mnyama aliyepotea asiye na mwenyewe. Zizi, ranchi, mkurupuko wa ng'ombe wakati wa usiku, kundi la farasi wa kubadilishia, yote aliyataja kwa ulimi wa kuazima. Hata alipolewa akakamatwa, jela aliyolala aliiita "hoosegow", nalo ni "juzgado", mahakama. Na huko Nevada na Oregon, alipotaka kujiita mwenyewe kwa jina la fahari, alijiita "buckaroo", ambalo ni "vaquero", mchunga ng'ombe, kutokana na "vaca", ng'ombe. V ya Kihispania hutamkwa karibu na B. Yaliyobaki yalifanywa na ulimi wa mgeni.

Inafaa kulitazama neno moja kwa utulivu zaidi, kwa sababu limebeba ufundi wote wa kazi. Vakero wa Meksiko na wa California alikata ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa kanda nyembamba, akazisuka nne, sita au nane kwa pamoja, akapata kamba ambayo urefu wake uliweza kufika mita ishirini na zaidi. Kamba ya ngozi ina uzuri wake na ina udhaifu wake: ikivutwa kwa ghafla na fahali anayekimbia, hukatika. Kwa hiyo vakero hakuifunga mwisho wake katika tandiko. Mara kitanzi kilipomnasa mnyama, aliizungusha kamba mara mbili tatu katika pembe ya tandiko, iliyo mbele yake, akaiachia iteleze kidogo kidogo hadi uzito wa mnyama ukashikika. Amri ya kazi hiyo kwa Kihispania ni "dale vuelta", yaani mzungushie. Mwanafunzi wake, msema Kiingereza, alisikia "dally", akaondoka nalo. Wachungaji wa Texas walikuwa na desturi nyingine, ya kufunga kamba moja kwa moja katika pembe. Wa California na Nevada walishika ile ya vakero. Hadi leo, katika mashindano ya rodeo ambamo wapanda farasi wawili humkamata maksai mmoja, wa kwanza kwa pembe na wa pili kwa miguu ya nyuma, kamba huzungushwa hivyo hivyo, na kidole gumba kikichelewa kutoka kati ya kamba na pembe ya tandiko, hukatwa. Wapo mabingwa wengi wa mchezo huo waliopungukiwa na kidole. Neno lililoazimwa, basi, halikukaa midomoni kama pambo. Mtu aliyelitamka vizuri na kulitenda vibaya alilipa kwa mkono wake.

Na "rodeo" yenyewe? Imetokana na "rodear", kuzingira. Katika ranchi za California, kabla ya seng'enge kufika, ng'ombe wa wenye mali mbalimbali walichanganyika malishoni, na kila mwaka wapanda farasi waliwazingira na kuwakusanya mahali pamoja ili kila mtu atambue chapa yake na ndama wapigwe chapa ya mama zao. Ilikuwa kazi, baraza na sherehe kwa wakati mmoja. California ilitwaliwa na Marekani kwa mkataba wa mwaka 1848 uliomaliza vita vyake na Meksiko. Mwaka 1851 bunge la jimbo hilo jipya lilitunga sheria ya kusimamia rodeo, na neno la wachungaji likaingia katika kitabu cha sheria cha Kiingereza bila ya kubadilishwa hata herufi, kwani watunga sheria hawakuona haja ya kutafuta jingine. Mwaka huo huo wa 1851 Bunge la Marekani kule Washington lilipitisha sheria ya ardhi iliyowataka wenye ranchi, waliopewa milki zao chini ya Uhispania na Meksiko, wathibitishe upya mbele ya tume kwamba mali ni yao. Kesi ziliburutwa kwa miaka, nyingi kwa zaidi ya kumi. Mawakili walilipwa kwa ardhi ile ile waliyoitetea. Na koo nyingi zilizoshinda mahakamani zilitoka humo zikiwa zimekwisha kufilisika. Katiba ya kwanza ya California, ya mwaka 1849, iliamuru sheria zichapishwe kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Katiba ya mwaka 1879 iliiondoa amri hiyo na kukifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya shughuli za serikali. Rodeo likabaki. Lugha iliyolizaa ikatolewa mlangoni.

Hapa ndipo wanaolaumu kuazima wanapopaswa kutua na kutazama. Kama ipo aibu katika kisa hiki, haikuwa katika siku ile kijana kutoka Missouri au Tennessee alipomsikiliza vakero na kurudia neno lake vibaya. Siku ile palikuwa na mwalimu na mwanafunzi, na lugha mbili zikakaa juu ya farasi mmoja. Aibu ilikuja baadaye, pale mwanafunzi alipoyarithi maneno yote na kudai kwamba hakuwa na mwalimu.

Mfano wa madai hayo ni neno "maverick", ambalo Waamerika hulipenda mno, na hulitumia kwa mwanasiasa yeyote asiyefuata kundi. Hili ni la Kiingereza kweli. Limetokana na jina la Samuel Maverick, mwanasheria na mwenye ardhi wa Texas, aliyefariki mwaka 1870, ambaye ng'ombe wake waliachwa bila ya kupigwa chapa, hata kila ndama asiye na chapa akaitwa kwa jina lake. Ajabu ya neno hili ni kwamba Maverick hakuwa mchungaji, wala hakuwa na hamu ya ng'ombe. Kundi lake liliachwa mikononi mwa watumwa wake. Majina ya watumwa hao hayakuingia katika kamusi.

Ama hao mavakero walikuwa nani? Hernán Cortés aliposhuka Meksiko mwaka 1519 alikuwa na farasi kumi na sita. Wakoloni walijua nguvu ya mtu aliye juu ya farasi, wakawakataza wenyeji kumpanda bila ya ruhusa. Lakini ng'ombe walizaana kupita kiasi, na mwenye mali hakutaka kukaa juani. Basi kazi ikaangukia wenyeji hao hao, Waafrika waliokuwa watumwa na walioachwa huru, na watoto wa mchanganyiko wa hao wote. Alama ya wenyeji ingali katika kamba. Ipo kamba ya singa za farasi inayotumiwa kama hatamu, na huko Nevada huitwa "McCarty". Msikiaji hudhani kwamba palikuwa na fundi mmoja wa Ireland aliyeibuni. Hakuwapo. Neno ni "mecate", nalo Wahispania walilichukua kutoka "mecatl" la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, lenye maana ya kamba.

Alama ya Waafrika imefifia zaidi, na imefifishwa. Kadirio linalotajwa mara kwa mara ni kwamba mmoja kati ya makauboi wanne wa enzi ya misafara ya ng'ombe, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa mtu mweusi. Hesabu hiyo hubishaniwa, lakini kuwapo kwao hakubishaniwi na yeyote. Nat Love, aliyezaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, aliyaandika maisha yake mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1907. Bill Pickett wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1870, ndiye aliyeingiza katika rodeo mchezo wa kumrukia maksai kutoka juu ya farasi na kumwangusha chini kwa kumpinda pembe. Yeye alimwuma na mdomo, kama afanyavyo mbwa wa kukamatia ng'ombe, na kwa sababu hiyo mchezo ukaitwa "bulldogging". Mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka arubaini baada ya kifo chake, aliingizwa katika jumba la heshima la makauboi. Kisha ofisi ya posta ya Marekani ikaamua kumtukuza kwa stempu iliyokusudiwa kutoka mwaka 1994, na stempu zilipokwisha kuchapwa ikagunduliwa kwamba sura iliyowekwa haikuwa yake. Ilikuwa ya ndugu yake. Zikarudishwa zikachapwa upya, na sehemu ya zile zenye makosa ikauzwa kwa bahati nasibu. Mtu aliyeupa mchezo mchezo wake na jina lake, hata sura yake haikujulikana na waliotaka kumsifu!

Haki isemwe: si kila kilichomo katika kazi ya ng'ombe ya Marekani kilitoka kusini. Mwanajiografia Terry Jordan alitetea kwa nguvu, katika kitabu chake cha mwaka 1981, kwamba wafugaji wa Texas walirithi mengi kutoka Carolina na majimbo ya kusini mashariki, na hoja yake haiwezi kutupwa. Kiingereza kina maneno yake ya kuchunga na ya kupiga chapa, na ni mazuri. Lakini hoja hiyo haimpunguzii vakero kitu. Tandiko lenye pembe, kamba ya kutupa, namna ya kumfunza farasi kwa miaka kadhaa kabla ya kumtia chuma mdomoni, yote yalikuja na majina yake, na majina hayo ni hati za ushahidi ambazo hakuna mtengeneza sinema aliyeweza kuzichoma.

Msomaji wa visiwani atapendezwa zaidi na kisa cha Hawaii. Mwaka 1793 nahodha George Vancouver alimpelekea Mfalme Kamehameha ng'ombe, na mfalme akapiga marufuku wasichinjwe. Wakazaana, wakaingia mashambani, wakawa balaa. Mnamo mwaka 1832, wakati wa Kamehameha wa Tatu, waliletwa mavakero kutoka California kuja kuwafunza wenyeji. Wahawaii waliwaita "paniolo", kutokana na "español", Mhispania. Wanafunzi walipokuwa mafundi wakajiita kwa jina lile lile la walimu wao, na hadi sasa kauboi wa Hawaii ni paniolo. Kamba yao waliipa jina la kwao, "kaula ʻili", kamba ya ngozi. Farasi wakamwita kwa neno lao. Ng'ombe wakamwita "pipi", kutokana na neno la Kiingereza la nyama yake. Walichanganya bila ya woga. Mwaka 1908 Ikua Purdy, paniolo wa kisiwa kikubwa, alisafiri hadi Cheyenne, Wyoming, akapanda farasi wa kuazima, akatwaa ubingwa wa dunia wa kumkamata maksai kwa kamba, mbele ya Waamerika waliodhani kwamba mchezo huo ni wao. Lugha aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imekwisha kufungiwa skuli miaka kumi na miwili kabla, kwa sheria ya mwaka 1896 iliyokifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Waliotunga sheria hiyo hawakuhofia kwamba Kihawaii kimeazima mno. Walihofia kwamba kinaishi.

Kiingereza chenyewe, tukumbushane, hakikuishia kwa Wahispania. Ndugu wa "corral" kwa Kireno ni "curral". Wadachi wa Rasi ya Afrika Kusini walilichukua wakalifanya "kraal", Waingereza wakalipokea, wakalitumia kwa zizi la ng'ombe na kwa makaazi ya Waafrika sawia, na wazungu wa mashamba wakaja nalo hadi Kenya. Kwamba nyumba za watu na banda la mifugo ziliitwa kwa neno moja, hilo halikuwa kosa la neno. Na kamusi hizo hizo za Kiingereza zina "boma", lililochukuliwa katika Kiswahili, na hakuna mwalimu wa London anayetaka ling'olewe.

Inabaki kuwageukia wasafishaji wa nyumbani. Mizizi ya Kiarabu wanayoiwinda katika Kiswahili imo pia katika kinywa cha kauboi, na aliipata kwa njia ya Andalusia, ambako Waarabu na Waberberi walikaa tangu mwaka 711 hadi 1492. Mpanda farasi kwa Kihispania ni "jinete", jina lililotokana na Wazenata, kabila la Waberberi waliosifika kwa kupanda na vikuku vifupi. Hatamu isiyo na chuma ambayo kauboi huiita "hackamore" ni "jáquima" ya Kihispania, nayo ni "shakima" ya Kiarabu, iliyokuwa na maana ya chuma cha lijamu. Katika safari hiyo neno limefika na chuma kimeachwa njiani. Kwa Kiswahili, hatamu na lijamu zina asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Msafishaji anataka zitoke. Badala ya lijamu, pengine, aseme chuma cha mdomoni mwa farasi. Badala ya hatamu, kamba ya kumwongozea mnyama. Na katika miaka ya 1970 na 1980, Watanzania walipoambiwa usiku na mchana kwamba chama kimeshika hatamu, ilikuwaje wakulima ambao hawakupata kumgusa farasi wakalielewa neno hilo barabara, na wengine wakaona hadi upande wake mkali, kwamba penye hatamu pana anayeendeshwa? Mshairi aliyenyimwa hatamu na lijamu na kupewa kamba na chuma amenyimwa vina viwili, vipimo viwili na historia ya bahari nzima, kwa ahadi ya usafi ambao hata Kiingereza cha kauboi, kilichofika kila pembe ya dunia, hakijawahi kuwa nao wala kuutamani.

Mchukuzi wa nyumbu katika milima ya Arizona alipakia mizigo yake katika mikoba aliyoiita "alforjas". Ni "al-khurj" ya Kiarabu, mkoba wa kuning'inia ubavuni mwa mnyama, iliyopita Uhispania na Meksiko kabla ya kumfikia. Mwenye punda wa Unguja aliyetandika horji juu ya mgongo wa mnyama wake alitamka neno lile lile. Yeye, tena, aliiacha ile "al".